Nyumba za Mawe za Wafumaji wa Bibury

Watu wengi wasikiapo habari za majengo ya kale ya Uingereza hufikiri kwanza majumba ya wafalme, ngome za mabwana na makanisa makuu yenye minara mirefu. Si ajabu, kwa kuwa hayo ndiyo majengo yaliyochorwa katika vitabu vya shule na kutundikwa ukutani katika kalenda. Lakini majengo hayo yalijengwa kwa fedha za wakubwa, na baadhi yake kwa mawe yaliyovushwa bahari kutoka Ufaransa. Atakaye kujua jinsi watu wa kawaida wa nchi ile walivyojenga, kwa vitu walivyovikuta chini ya miguu yao wenyewe, hana budi kuacha njia kuu na kuitazama nyumba ndogo ya mawe ya kijijini.

Mfano mzuri wa nyumba za namna hiyo uko katika kijiji cha Bibury, katika jimbo la Gloucestershire, magharibi ya mji wa London. Kijiji chenyewe ni kidogo. Wakazi wake ni watu 600 hivi. Kimelala kando ya mto mwembamba uitwao Coln, katika vilima vya Cotswold, nchi ya malisho ya kondoo. Hapo, chini ya kilima, ipo safu moja ya nyumba zilizoshikana. Kuta zake ni za rangi ya mawe ya nchi ile, mapaa yake yameinuka kwa ukali, na ni shida kuona katika safu nzima mstari mmoja ulionyooka sawasawa. Safu hiyo huitwa Arlington Row. William Morris, fundi na mwandishi mashuhuri aliyefariki mwaka wa 1896, alikisifu kijiji hicho kuwa ndicho kizuri kupita vyote katika Uingereza.

Mgeni aionapo safu hiyo mara ya kwanza hudhani kwamba waliojenga walikusudia kuyapendeza macho ya watu. Sivyo. Karibu kila kinachopendeza katika nyumba hizo kilitokana na lazima: uzito wa jiwe, wingi wa mvua, ukali wa baridi, na uchache wa fedha za mwenye kujenga.

Ghala lililogeuzwa makao

Safu hii haikujengwa iwe makao ya watu. Inakadiriwa kwamba ilijengwa karibu na mwaka wa 1380, nayo ilikuwa ghala la sufu la watawa. Siku hizo sufu ya Cotswold ilijulikana sana kwa wafanyi biashara wa Ulaya, na sufu ndiyo iliyokuwa mali kuu ya Uingereza. Hata leo kiti cha Spika wa Baraza la Malordi ni mto mkubwa uliojazwa sufu, uwe ukumbusho wa utajiri huo.

Kati ya mwaka wa 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizivunja nyumba za watawa, na mali zao zikapita mikononi mwa watu wengine. Katika karne ya 17 ghala la Bibury liligawanywa kwa kuta za ndani, likatobolewa milango na madirisha, likatiwa meko na dohani za kutolea moshi, likawa safu ya nyumba za wafumaji wa nguo.

Wafumaji hao walifanya kazi nyumbani mwao. Nguo ikiisha kutoka katika kitanda cha mfumi ilipelekwa kwenye kinu cha maji cha Arlington, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni, ikatwangwa humo ili nyuzi zishikamane na nguo iwe nzito. Kisha iliwambwa juu ya vichanja vya mbao katika kiwanja chenye majimaji kilicho mbele ya nyumba, ipate kukauka. Kiwanja hicho huitwa Rack Isle hata leo, maana yake kisiwa cha vichanja. Hivyo mfumaji alikuwa na kazi, maji, kinu na uwanja wa kuanikia, vyote mbele ya macho yake.

Lipo jambo la kuangaliwa hapa. Waliohitaji nyumba hawakulibomoa ghala ili waanze upya. Kuta nene zilikuwa zimesimama tayari, na gharama yake ilikuwa imekwisha kulipwa na watu waliokufa zamani. Wao waliongeza kile kilichopungua tu. Jengo lililopata kazi ya pili likapata na maisha ya pili.

Jiwe la nchi

Jiwe la vilima vya Cotswold ni jiwe la chokaa. Zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita nchi hiyo ilikuwa chini ya bahari yenye maji machache ya uvuguvugu. Punje ndogo za chokaa zilibingirishwa na mawimbi zikawa za mviringo, zikalundikana na kushikamana. Mtu akilitazama jiwe hilo kwa karibu huliona kama mayai ya samaki yaliyogandana, na wataalamu wamelipa jina la Kigiriki lenye maana ya jiwe la mayai. Chuma kidogo kilichomo ndani yake ndicho kinacholipa rangi ile ya asali.

Jiwe hili lina tabia moja iliyowafaa sana waashi. Linapotolewa machimboni lina unyevu wa ardhi ndani yake, nalo ni laini, hata huweza kukatwa kwa msumeno na kuchongwa bila taabu kubwa. Likikaa hewani unyevu hutoka na uso wake huwa mgumu. Kwa sababu hiyo fundi mwenye akili hakungoja. Alichonga kazi yake mapema, jiwe lingali bichi.

Tena mawe ni mazito, na barabara za wakati huo zilikuwa za matope. Kuyakokota mawe kwa magari ya farasi au ya ng'ombe maili chache tu kuliweza kugharimu kuliko kuyachimba. Basi kila kijiji kilichimba karibu na kwake, na kila kijiji kikapata rangi ya ardhi yake. Msafiri akitoka kusini mwa vilima kwenda kaskazini huona kuta zikibadilika, kutoka weupe wa maziwa hadi manjano iliyokolea.

Ukuta na paa

Ukuta wa nyumba ya namna hii huwa na unene wa inchi 18 hadi 24. Kwa kweli ni kuta mbili zilizosimama pamoja, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati pamejazwa vipande vidogo vya mawe pamoja na chokaa au udongo. Ili pande hizo mbili zisiachane, mwashi huweka hapa na pale jiwe refu lipitalo kutoka uso mmoja kwenda wa pili, mfano wa kifungo. Tena hulilaza kila jiwe jinsi lilivyolala ardhini, matabaka yake yakiwa ya mlalo. Jiwe lililosimamishwa kinyume cha matabaka yake hubanduka likipigwa na mvua na jalidi.

Hata hivyo ustadi mkubwa zaidi umo katika paa. Nyumba hizi hazikuezekwa kwa mabati wala kwa vigae vya udongo wa kuchomwa, bali kwa vigae vya mawe. Jiwe lililofaa kazi hiyo ni lile lenye matabaka membamba. Katika kijiji cha Stonesfield, jimbo la Oxfordshire, vigae vilipatikana kwa msaada wa baridi yenyewe. Mawe yalichimbwa na kutandazwa nje yangali na maji ndani yake. Usiku wa jalidi maji yaligeuka barafu, yakatanuka, yakalipasua jiwe kwa tabaka zake. Husimuliwa kwamba jalidi ilipoanza usiku kengele ya kanisa ilipigwa, na wanakijiji wakaamka kwenda kuyafunua mawe yapate baridi. Mwaka usio na jalidi ulikuwa mwaka wa hasara. Kazi hiyo ya Stonesfield ilikoma mwanzoni mwa karne ya 20.

Vigae hivyo havilingani kwa ukubwa, nao waezekaji walivichagua kwa makini. Vikubwa viliwekwa chini kabisa, ukingoni mwa paa, penye maji mengi ya mvua na penye ukuta wa kuvichukua. Kila mstari wa juu ulikuwa wa vigae vidogo kuliko ule wa chini yake, mpaka kileleni ambako palikuwa na vidogo kabisa. Kila ukubwa ulikuwa na jina lake, na baadhi ya majina yalikuwa ya mzaha: walikuwako kapera mfupi, kapera wa kati na kapera mrefu. Kila kigae kilitobolewa tundu, kikatiwa kijiti cha mti wa mwaloni, kikaning'inizwa juu ya fito zilizopigiliwa katika makombamoyo.

Paa la namna hiyo ni zito mno. Futi 100 za mraba huweza kukaribia uzito wa tani moja. Hii ndiyo sababu mbao zake ni nene na kuta zake nene pia. Tena jiwe hunywa maji kidogo kidogo, na vigae vilivyochongwa kwa mkono haviwezi kukutana sawasawa. Kama paa lingelazwa, maji yangesimama na kupenya. Kwa hiyo paa liliinuliwa sana, pengine digrii 50 au zaidi, ili maji yakimbie kabla ya kupata nafasi ya kuingia. Wapiga picha huusifu ukali wa mapaa ya Bibury. Mwezekaji alifikiria mvua.

Madirisha na meko

Sababu za namna hiyo zaonekana hata katika madirisha. Jiwe lina nguvu nyingi likikandamizwa kutoka juu, lakini likilazwa juu ya uwazi mpana huvunjika katikati. Ndiyo maana dirisha la nyumba ya mawe ni jembamba, na likihitajiwa pana hugawanywa kwa nguzo fupi za mawe zinazosaidia kuchukua mzigo. Juu ya madirisha ya nyumba nyingi za Cotswold pana mdomo mdogo wa jiwe uliotokeza nje na kuteremka kidogo pande zote mbili. Watu huona kuwa ni pambo, lakini kazi yake ni kuyatupa mbali maji yatelemkayo ukutani yasiingie dirishani.

Kadhalika, palipotakiwa chumba cha kulala chini ya paa, waashi waliuendeleza ukuta wa mbele ukapanda juu katika umbo la pembe tatu, na ndani yake wakaweka dirisha. Hivyo chumba cha juu kilipata mwanga, nayo paa ikapata vile vilele vidogo vinavyojulikana sana. Meko makubwa yaliwekwa ukutani, na mawe mengi yaliyoyazunguka yaliushika moto wa mchana na kuutoa polepole usiku.

Maisha yaliyokuwamo

Pamoja na hayo, mtu asidanganyike na uzuri wa picha. Nyumba hizi zilikuwa ndogo na zenye giza. Unyevu wa ardhi ulipanda ukutani, maji yalitekwa nje, na jamaa nzima ilibanana katika vyumba viwili au vitatu. Mashine zilipokuja katika karne ya 18 na ya 19, kazi ya kufuma ilihamia viwandani, na mfumaji wa kijijini akakosa riziki. Nyumba za namna hii zikawa makao ya vibarua wa mashamba, watu wa mshahara mdogo. Mpangaji hakuwa na fedha za kutengeneza paa, na mara nyingi mwenye nyumba hakuona faida ya kufanya hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nyumba nyingi za aina hiyo zilikuwa zikianguka au kubomolewa. Wako waliosema ziachwe zianguke, kwa kuwa ni vibanda vya maskini na vina unyevu. Wengine walijibu kwamba unyevu huweza kutibiwa, bali nyumba ikiisha kubomolewa haina tiba. Mwishoni mwa miaka ya 1920 chama cha Royal Society of Arts kilianzisha mfuko wa kuziokoa nyumba za kale za vijijini, na Arlington Row ilikuwa miongoni mwa zilizookolewa. Mnamo mwaka wa 1949 safu hiyo ilikuwa mikononi mwa National Trust, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1895 ili kuhifadhi mahali penye sifa kwa ajili ya umma. Leo imeandikwa katika daraja la juu kabisa la orodha ya majengo yanayolindwa na sheria, orodha ile ile yenye makanisa makuu na majumba ya wakubwa.

Wakati ule ule tajiri wa magari wa Marekani, Henry Ford, alikuwa akikusanya majengo ya kale. Alinunua nyumba ya mawe ya mwanzo wa karne ya 17 katika kijiji cha Chedworth, kisicho mbali na Bibury. Ilibomolewa jiwe baada ya jiwe, mawe yakatiwa nambari, yakasafirishwa kwa gari la moshi na meli, ikajengwa upya katika makumbusho yake ya Dearborn, Michigan. Huko imetunzwa vizuri mpaka leo. Lakini nyumba iliyotokana na ardhi fulani, ikihamishwa, hubaki kama samaki aliyekaushwa: umbo lake ni lile lile, na mto haupo.

Chokaa na saruji

Kilichozihatarisha nyumba hizi baada ya hapo hakikuwa mvua wala umaskini, bali matengenezo yaliyofanywa kwa nia njema. Waashi wa kale walijengea kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko jiwe, tena hupitisha unyevu. Maji yaliyoingia ukutani hutoka kwa njia ya viungo, na ukuta ukitikisika kidogo ni chokaa inayopasuka, si jiwe. Kila baada ya miaka mingi fundi hukwangua ile iliyochakaa na kutia nyingine. Kwa namna hiyo chokaa hujitoa ili jiwe lipone.

Katika karne ya 20 mafundi wengi walitumia saruji, wakidhani kwamba kilicho kigumu ndicho bora. Saruji iliziba viungo kabisa. Maji yakafungiwa ndani ya jiwe, na jalidi ilipokuja uso wa jiwe ukabanduka, huku saruji ikibaki imetokeza nje kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Siku hizi watunzaji wa majengo ya kale wa Uingereza wamerudia chokaa, na vijana hufundishwa tena jinsi ya kuizima, kuichanganya na mchanga, na kuifunika isikauke upesi.

Fundisho hilo si geni katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Nyumba za kale za Lamu, mji ulioingizwa mwaka wa 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Kuta zake nazo ni nene, ijapokuwa hukinga joto badala ya baridi. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko, kama upana wa dirisha la Bibury unavyofuata nguvu za jiwe. Na huko pia ukuta wa kale uliopigwa lipu ya saruji hufungiwa unyevu na chumvi ndani yake, ukaoza chini ya sura mpya. Waashi wa Lamu na waashi wa Gloucestershire hawakupata kuonana, lakini jiwe na maji viliwafundisha mamoja.

Shida ya siku hizi

Nyumba za Arlington Row si makumbusho matupu. Wako watu wanaoishi humo, wakiwasha moto wao na kuanua nguo zao kama majirani wengine. Shida yao mpya ni sifa. Kijiji cha watu 600 hupokea wageni wengi kwa siku moja kupita wenyeji wake, na katika miaka ya 2020 wenyeji wamelalamikia sana mabasi makubwa yanayoziba barabara nyembamba, pamoja na wageni wanaochungulia madirishani. Kuta zilizoshinda jalidi ya karne sita sasa zinajaribiwa na macho ya watu.

Serikali ya jimbo imelazimika kufikiri upya juu ya mahali pa kusimamisha mabasi hayo. Jambo hilo halina jibu jepesi, kwa sababu kutunza nyumba hugharimu fedha, na wageni huleta fedha. Hata hivyo nyumba isiyo na mtu ndani huharibika upesi kuliko ile yenye watu wengi mlangoni. Mkaaji ndiye aonaye tone la kwanza likidondoka darini, na ndiye ajuaye kigae kipi kimeteleza baada ya upepo wa usiku.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Bibury maneno hayo si mfano tu. Kinachoifanya safu ile isimame ni kazi ndogo isiyosifiwa na mtu: kijiti cha mwaloni kilichobadilishwa, kiungo kilichotiwa chokaa, mfereji uliozibuliwa majani kabla ya mvua. Na mwenye nyumba popote, iwe ya mawe, ya matofali au ya udongo, aweza kuanza kazi kama hiyo juma hili kwa ngazi moja na ndoo moja.